Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Amani ya Kongo isihame na rais

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kigoma. Huku kwetu, kwenye mwalo wa Kibirizi, zinakofikia boti za mbao kutoka ng'ambo ya Kongo, habari za vita huja pamoja na abiria. Mama aliyezoea kushuka na marobota ya vitenge akishuka mikono mitupu, amebeba mtoto tu, wapagazi hawamuulizi kitu. Wanajua kuna barabara imefungwa, au kuna mji umebadilisha mikono.

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Félix Tshisekedi na Rais Paul Kagame walikaa Washington, mbele ya Rais Donald Trump, wakatia saini makubaliano ya amani. Haikupita hata wiki moja, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakaingia Uvira, mji ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu hili la Tanganyika. Maelfu ya watu walivuka mpaka kukimbilia Burundi.

Mambo ya Washington nawaachia wenyewe. Ninachotaka kukueleza ni cha kwetu na kinaihusu ofisi yako. Katika ukanda huu, usuluhishi wa vita umekuwa mali ya rais aliyeuanzisha. Akitoka madarakani, au akipata shughuli nyingine, jalada linaondoka naye, na anayekuja baada yake huanza na karatasi nyeupe. Wanaolipa gharama ni watu wa Rutshuru, Masisi, Goma na Uvira.

Chukua mchakato wa Nairobi. Kongo ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya Machi 2022, na tarehe 21 Aprili Rais Uhuru Kenyatta alishawakutanisha viongozi Nairobi. Ukatoka mpango wenye njia mbili: mazungumzo kati ya Kinshasa na makundi yenye silaha ya ndani, na kikosi cha kikanda kwa watakaokataa mazungumzo. Juni wakuu wa nchi wakakipitisha kikosi hicho. Uhuru alikuwa amebakiza miezi michache tu Ikulu, na kila mtu alijua.

Agosti Wakenya wakapiga kura. Tarehe 13 Septemba Rais William Ruto akaapishwa, na katika hotuba yake ya siku hiyo hiyo akatangaza kwamba amemwomba mtangulizi wake aendelee na kazi ya amani Ethiopia na Maziwa Makuu. Uhuru alikuwa amemuunga mkono mpinzani wa Ruto, Raila Odinga, kwa hiyo ule ulikuwa uungwana wa hali ya juu na unastahili kukumbukwa. Novemba askari wa Kenya wakatua Goma. Uhuru naye akaenda, akatembelea wakimbizi wa ndani pale Kanyaruchinya, kisha mwisho wa mwezi akafungua duru ya tatu ya mazungumzo Nairobi. Januari 2023 alikutana na viongozi wa M23 Mombasa, nao wakaahidi kuendelea kuondoka katika maeneo waliyoyateka.

Tatizo lilikuwa kwamba msuluhishi hakuwa tena na dola. Jeshi lilikuwa la serikali mpya, hazina ilikuwa ya serikali mpya, na ndani ya nchi yake yeye na serikali hiyo walikuwa kambi mbili tofauti. Mtu anayeketi na waasi wenye bunduki anahitaji kuwa na kitu nyuma yake. Waasi hutazama nyuma ya mgongo wako kabla hawajakutazama usoni.

Yaliyofuata unayafahamu kuliko mimi. Kinshasa ililalamika kwamba kikosi hakipigani na M23. Aprili 2023 kamanda wake, Meja Jenerali Jeff Nyagah, akajiuzulu akisema usalama wake umetishiwa. Desemba mwaka huo kikosi kikafungasha baada ya Kongo kukataa kukiongezea muda. Mwezi huo huo mwanasiasa wa Kongo, Corneille Nangaa, akatangaza muungano wake na M23 katika hoteli moja ya Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Mwaka 2024 Rais Tshisekedi alisema hadharani kwamba uongozi mpya wa Kenya umeuendesha vibaya mchakato ule na kuegemea upande wa Rwanda.

Simtupii Rais Ruto lawama zote. Serikali ya Kongo ilikiita kikosi yenyewe na kukifukuza yenyewe, na Rwanda, ambayo mkono wake ndani ya M23 umeandikwa katika ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, nayo ni mwanachama wetu anayeketi meza ile ile. Lakini kama Arusha kungekuwa na chombo chenye jukumu, fedha na kumbukumbu za mazungumzo yale, ugomvi wa Kinshasa na Ikulu moja usingetosha kuyaua.

Mchakato wa Luanda nao ulipita njia hiyo hiyo. Rais João Lourenço wa Angola aliubeba kwa miaka, akapata usitishaji mapigano ulioanza Agosti 2024, na mkutano wa marais wa Desemba ukavunjika dakika za mwisho. Februari 2025 akawa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Machi, baada ya Tshisekedi na Kagame kukutana Doha kwa Amiri wa Qatar, Angola ikatangaza kujiondoa. Kabla ya hapo, tarehe 20 Januari, Marekani ilikuwa imepata rais mpya. Goma iliangukia mikononi mwa M23 tarehe 27, wakati maofisa wapya wa Washington hata viti vyao havijapata joto. Walipokuja na mpango wao, ulikuja umefungwa pamoja na madini. Hatukuwa na la kuwaonyesha na kuwaambia: hapa ndipo tulipofika, anzieni hapa.

Mheshimiwa Katibu Mkuu, mfano wa kazi iliyofanywa vizuri uko mjini kwako, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Mazungumzo ya Burundi yalipohamia hapo Juni 1998, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaondoka Ikulu miaka 13 nyuma. Hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na heshima yake, ndiyo, lakini alikuwa pia na mpangilio. Taasisi ya Mwalimu Nyerere ilikuwa sekretarieti, timu ikiwa chini ya Jaji Mark Bomani. Kazi iligawanywa kwa kamati: ya kwanza, ya chimbuko la mgogoro, aliiongoza Armando Guebuza wa Msumbiji, ya demokrasia na utawala bora, Nicholas Haysom, mwanasheria wa Afrika Kusini, ya amani na usalama, Padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio, ya ujenzi mpya wa nchi, Georg Lennkh wa Austria. Ya tano ilihusu dhamana za utekelezaji. Kamati hizo zilikaa na Warundi kifungu kwa kifungu, juu ya jeshi, ardhi, wakimbizi, mahakama, na idadi ya viti vya kila upande.

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu akafariki London. Kama amani ya Burundi ingekuwa mfukoni mwake, ingezikwa naye Butiama. Desemba akateuliwa Nelson Mandela, mtu wa tabia tofauti kabisa. Mwalimu alikuwa na subira ya mwalimu. Mandela alizikemea pande zote hadharani, na akataka waliobaki msituni nao waitwe mezani. Wako Warundi waliokuwa wamemtilia shaka Mwalimu, hasa baada ya vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Bujumbura mwaka 1996, na ujio wa Mandela uliwapa nafasi ya kusikiliza upya. Hiyo ndiyo faida ya sura mpya. Lakini Mandela hakuanza upya. Alizikuta rasimu za kamati, akawakuta watu waliozijua koma na nukta zake, akaendelea. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Arusha. Kazi ya kamati ndiyo iliyokuwa itifaki za mkataba wenyewe. Vita havikuisha siku ile. Waasi wa CNDD-FDD hawakuingia hadi 2003. Lakini walipoingia walikuta nyumba yenye msingi.

Mimi ni Mtanzania na sipaswi kuwatazama majirani peke yao. Mei 2013, katika mkutano wa Addis Ababa, Rais Jakaya Kikwete alishauri kwamba serikali za Maziwa Makuu zizungumze na maadui zao wenye silaha, na Rwanda izungumze na kundi la FDLR. Kigali ilichukia sana, kwa kuwa ndani ya kundi hilo wamo walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994. Uhusiano ukapoa kabisa, huku askari wetu wakiwa Kivu katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda M23 Novemba mwaka huo. Kisha akaja Rais John Magufuli. Safari yake ya kwanza nje ya nchi, Aprili 2016, ilikuwa Rwanda, akazindua na Rais Kagame daraja na kituo cha mpakani cha Rusumo. Madereva wa malori walishukuru, nami niliona ni jambo jema. Mabadiliko ya uongozi yanaweza kuponya ugomvi wa watu wawili kwa siku moja.

Lakini swali la FDLR lilibaki palepale. Tanzania iliacha kuliuliza kwa sababu aliyeliuliza alikuwa amestaafu, na Jumuiya haikulichukua kulifanya lake. Miaka 12 baadaye, makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 yameliweka suala la FDLR miongoni mwa mambo yake makubwa. Muda wote huo M23 walipata kushindwa, kukimbia, kurudi na kuteka miji miwili mikuu ya mikoa. Kundi hilo, kumbuka, limebeba jina la mkataba wa tarehe 23 Machi 2009 ambao linadai haukutekelezwa. Rais Joseph Kabila aliachia madaraka Januari 2019, na ahadi ambazo serikali yake na M23 walizitoa Nairobi Desemba 2013 zikabaki bila mwenyewe.

Ninachokuomba hakihitaji kubadilisha Mkataba wa Jumuiya. Mkataba unakutaja wewe kuwa katibu wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Uenyekiti wa mkutano huo hubadilika kila mwaka. Wewe una miaka mitano. Ibara ya 124 imeshaweka amani na usalama kuwa kazi yetu ya pamoja, na itifaki yake ilitiwa saini 2013. Basi weka Arusha ofisi ya kudumu ya usuluhishi, ndogo lakini yenye wanasheria, watu wanaoijua Kivu, na chumba cha kumbukumbu. Kila msuluhishi anayeteuliwa na Wakuu wa Nchi, awe rais aliye madarakani au mstaafu, apewe watumishi wa Jumuiya badala ya kutegemea wa Ikulu yake, na kila muhtasari wa kikao ubaki na nakala Arusha. Nchi yake inapobadilisha uongozi, akabidhi taarifa kwa maandishi, nawe uipeleke kwa rais mpya mkononi.

Fedha ndiyo sehemu ngumu zaidi. Wanachama huchelewesha michango, na makao makuu yenyewe hukwama. Lakini bunge la Kenya peke yake liliidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 4 za nchi hiyo kwa miezi 6 ya kwanza ya askari wake Goma. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingeendesha ofisi ninayoisema kwa miaka. Tukiendelea kusubiri mfadhili wa nje, atakuja na ajenda yake kama alivyokuja na madini.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao humo. Tangu ifunguliwe, Tanzania imekuwa na marais wanne, Kenya wanne na Kongo wanne. Kila mmoja alipoingia, watu wa Nyarugusu walisikia kwamba safari hii mambo yatakuwa tofauti.

Kenya itapiga kura tena Agosti 2027, na kura ya Kongo inatarajiwa Desemba 2028. Naomba hoja ya ofisi ya kudumu ya usuluhishi iingie katika ajenda ya Baraza la Mawaziri kabla ya uchaguzi huo wa kwanza, ili atakayeapishwa Nairobi akute jalada la Kongo liko mahali pake, Arusha, na anayelishika yuko kazini.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mwananchi wa Kigoma