Mboji Kisii na Nyamira: nani atabeba tani nzima?

Tangu sakata la mbolea feki la mwaka 2024, wakulima walipouziwa mifuko isiyofaa hata kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka (NCPB), kila mwenye kipaza sauti anawahimiza watu wa Kisii na Nyamira warudi kwenye mboji. Waziri wa kilimo wa wakati ule, Mithika Linturi, alisafishwa na kamati ya bunge mwezi Mei. Mkulima akabaki na hasara yake. Hasira naielewa, lakini ushauri huo, wallahi, hutolewa kirahisi mno.

Tupige hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za naitrojeni. Mboji ya kawaida iliyokauka huwa na asilimia moja hivi, mbili ikiwa nzuri sana. Basi kuufikia mfuko mmoja wahitaji nusu tani hadi tani nzima, na ikiwa bado ina maji, zaidi ya hapo. Nani atapanda nayo vilima vile? Mara nyingi ni mama, karai kichwani.

Tena itengenezwe kwa nini? Mashamba ya Gusii ni vipande vidogo vilivyogawanywa baba kwa mwana. Mabua ya mahindi analishwa ng'ombe au yanawashwa jikoni. Ndizi zinapakiwa lori kwenda mijini, maganda yanaozea kwenye majaa ya huko. Rutuba inatoka, hairudi.

Sisemi DAP ndiyo dawa. Mvua nyingi za kule zimeuacha udongo na tindikali, na DAP huizidisha. Udongo wa namna hiyo huing'ang'ania fosforasi, mhindi usiipate, pesa zikapotea ardhini. Hapo ndipo mboji inapofaa: hulegeza udongo, hushika maji, hupunguza makali. Kwa maoni yangu, mkulima atie mboji kwenye shimo la mbegu pamoja na nusu ya mbolea ya dukani, na chokaa pale vipimo vya udongo vinapoonyesha haja.

Serikali ilishusha bei ya mfuko kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Ruzuku yote imo ndani ya mfuko. Mama anayerundika samadi na majani ya migomba, akaligeuza rundo miezi mitatu, hiyo ruzuku haimfikii. Wabunge wa kaunti za Kisii na Nyamira wakikaa kwenye bajeti, waanze na toroli.