Keja Yako Ilimwagwa Slabu Wakati wa Corona? Uliza Nani Aliona Vyuma

Mtu wangu, kabla usome zaidi, angalia juu. Ndani ya hiyo slabu iko juu ya kichwa chako kuna vyuma. Hujawahi kuviona na hutawahi. Aliyeishi hapo kabla yako pia hakuviona. Vyuma vya slabu huonekana siku mbili tatu tu, kuanzia fundi amalize kuvifunga na waya hadi ile asubuhi mikisa inawashwa. Baada ya hapo ni simiti, plasta, rangi, halafu ni wewe na godoro lako.

Swali langu ni moja: hizo siku mbili tatu, nani alikuja kuangalia?

Kwa keja nyingi swali hilo lina jibu, liwe zuri ama baya. Kwa zile zilijengwa 2020 jibu linakuwa na maneno mengi. Tumeongea sana kuhusu Corona, barakoa, pesa zilizoyeyuka, klabu zilizofungwa. Wale wasee wa kukagua majengo hakuna mtu amewataja, kana kwamba mjengo pia ulienda likizo.

Mjengo haukuenda likizo. Kisa cha kwanza kilitangazwa 13 Machi 2020, na siku chache baadaye shule na vyuo zikafungwa. 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, na Mombasa ikakaa hivyo hadi 7 Julai. Treni ya abiria ya SGR ikalala hadi katikati ya Julai. Lakini saiti ziliendelea. Masharti yalikuwa maji na sabuni kwa geti, barakoa, na watu wasibanane. Kama umewahi kubeba karai la zege ngazi juu ukiwa na barakoa, unajua hiyo sharti ilidumu dakika ngapi.

Mimi nilikuwa huko. Nilikuwa nimeachana na chuo (hiyo ni story ya siku ingine, mamangu husoma hizi vitu), nikashuka kwa jamaa zangu Voi, na kazi ya kwanza nilipata ilikuwa ya mkono, mjengo fulani upande wa Ndara. Vumbi jekundu, jua la kukausha mate, na mlima umekaa pale ukituangalia. Wasee wa huko walikuwa wanacheka tukilia kafyu. Kule usiku ni wa ndovu tangu zamani, Corona imekuja juzi.

Sasa siku ya kukagua vyuma ikafika. Tukangoja. Fundi akapiga simu, akaongea kwa upole sana, akakata. Akatuambia, "Mkubwa amesema tumtumie picha." Akatoa simu, akazunguka, akachagua kona moja ambayo vyuma vilikuwa vimefungwa vizuri, nafasi sawa, vimeinuliwa kutoka kwa mbao vile inafaa. Picha nne, WhatsApp, tiki mbili. Jioni jibu likaja: endeleeni.

Kona ingine hakuipiga picha. Pale vyuma vilikuwa vimepungua na hardware ilikuwa inangoja mzigo, kwa hivyo wakavitawanya vikae mbali mbali kidogo. Sitasema ni ploti ya nani wala mkubwa alikuwa nani. Nitasema tu kwamba kesho yake tulimwaga.

Kabla utukane huyo inspekta, ngoja kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea. Unadhani alikuwa amejifungia nyumbani akiangalia series? Angalia vile kazi imepangwa. Kaunti ndiyo hutoa kibali cha kujenga, na plani hupitia mikono mingi. Mmoja wao ni afisa wa afya ya umma, yule wa kuangalia choo iko wapi, hewa inapita wapi, maji machafu yanaenda wapi. National Construction Authority, ambayo ilizaliwa na sheria ya 2011, inasajili kontrakta na mradi wenyewe na inaweza kukufungia saiti. Injinia naye anajibu kwa bodi yake.

Corona ilipokuja, afisa wa afya ya umma ndiye nchi nzima ilimtaka. Kufuatilia nani alikutana na nani, ni yeye. Kusimamia mazishi, ni yeye. Kunyunyiza dawa sokoni, kukagua hoteli kabla ifunguliwe, ni yeye tena. Halafu kumbuka Taita Taveta ina mpaka. 16 Mei 2020 mpaka na Tanzania ulifungwa kwa kila kitu isipokuwa mizigo, na madereva wa malori wakawa wanapimwa pale Taveta. Kutoka Voi hadi huko ni zaidi ya kilomita 100. Sasa afisa mmoja akipigiwa simu mbili asubuhi, moja ni ya lori na ingine ni ya vyuma vya ploti ya watu wanane, wewe ungeenda wapi? Mimi ningeenda kwa lori. Na hiyo ndiyo noma yenyewe: kila mtu aliamua kitu cha maana kwa siku hiyo, lakini slabu inakaa miaka hamsini.

Na kama injinia ama mchoraji wako alikuwa anaishi Mombasa, bas. Barabara ilikuwa na kizuizi, treni hakuna. Hata huyo alikuwa mtu wa video.

Kuna kipengele kimoja cha sheria watu wa mtaa hawakijui, lakini madalali wa plani wanakijua kama salamu. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema ukiomba kibali cha ujenzi na ukae siku 60 bila jibu la maandishi, inahesabika umepewa. Wazo lake ni poa, kaunti isikukalie na karatasi mwaka mzima. Sasa piga hesabu. Uliyepeleka plani yako 13 Machi 2020, siku ile kisa cha kwanza kilitangazwa, siku zako 60 ziliisha 12 Mei. Katikati hapo ofisi zilikuwa na watu nusu, wengine wako nyumbani, wengine wako kwa mazishi ya watu. Ukimya ukawa kibali. Sheria hiyo hiyo inasema ukianza kujenga bila ruhusa ni faini hadi shilingi 500,000 ama jela hadi miezi miwili, ama zote. Lakini nani angekuja kukushika na wewe una siku zako 60?

Kafyu nayo ilileta yake. Slabu inamwagwa mara moja, kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiacha nusu, zege la leo likishika halafu umwage la kesho kando yake bila kuandaa vizuri, panabaki mshono, na mshono usiopangwa ni pahali pa udhaifu na pa maji kupitia. Kawaida fundi akichelewa anaongeza taa, mnaenda hadi saa tatu usiku. Na kafyu ya saa moja, saa kumi jioni watu wanaanza kuangalia saa, kwa sababu Ndara si Nairobi, mtu anatembea mguu hadi kwao. Kwa hivyo unachagua: uanze alfajiri kabla mtu yeyote wa kukagua aamke, ama ukimbizane. Tulikimbizana. Halafu zege linataka kumwagiliwa maji kila siku, wiki nzima angalau, na Voi unajua stori ya maji. Mwenye ploti akiambiwa achague kati ya mtungi wa kunawa mikono na maji ya slabu, slabu inapigwa kikombe.

Wenzetu walifanyaje? Marekani shirika linaloitwa International Code Council lilitoa mwongozo wa ukaguzi wa mbali kwa video. Tofauti na picha zetu nne ni moja lakini ni kubwa: kule inspekta ndiye anaendesha simu. Video ni ya moja kwa moja, anakuambia anza nje nione barabara na namba ya nyumba, ingia, geuka kushoto, rudi, weka futi hapo katikati ya vyuma nisome, sasa nionyeshe kona ile umeruka. Wewe unashika tu. Ukituma picha zako mwenyewe, wewe ndiye inspekta na yeye ni mtu wa kulike.

Na simu si adui, nisieleweke vibaya. Inspekta anayekuja na buti zake huondoka bila kuacha kitu zaidi ya sahihi, na wakati mwingine anaondoka na kitu kidogo. Video inabaki. Ina tarehe, ina saa. Kama ploti zote za 2020 zingekuwa na video ya kila kona kabla ya kumwaga, leo tungekuwa na ushahidi ambao miaka ya nyuma hatukuwa nao kabisa. Ila zile picha zilikuwa kwa simu ya fundi. Hiyo simu ilianguka ndani ya drum ya maji kabla mwaka uishe. Nilikuwepo.

Pia tusijifanye kabla ya Corona mambo yalikuwa safi. Lile jengo la Huruma liliua karibu watu 50 Aprili 2016, na lilikuwa tayari limewekwa kwa orodha ya kubomolewa. Waliliona, wakaandika, watu wakaendelea kulala ndani. National Building Inspectorate ilikagua majengo karibu 15,000 kabla ya janga, na yaliyopatikana salama hayakufika 2,500. Kanuni zenyewe tulizokuwa tunatumia 2020 zilikuwa za 1968, enzi za simu ya kuzungusha kidole. Mpya, National Building Code ya 2024, imeanza kazi Machi 2025. Kwa hivyo janga lilikuta nyumba tayari ina nyufa. Na Novemba 2022, jengo lilipoanguka Kasarani na siku mbili baadaye lingine likaua watu Ruaka, sisemi ni Corona. Nasema tu hatuna njia rahisi ya kujua ni gani zilimwagwa bila macho.

Rahisi ndiyo haipo, lakini njia iko. Injinia anaweza kuja na nyundo ya Schmidt, ile inaruka ikigonga zege na kukupa wazo la nguvu yake. Kuna mashine ya kuskani vyuma kupitia plasta, inakuonyesha viko wapi na vimeachana kiasi gani. Ikibidi wanatoboa kipande cha zege wakapime maabara. Yote ni pesa, na pesa hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Yako ni mdomo. Ukienda kuangalia keja na uambiwe ni ya 2020 ama 2021, uliza cheti cha kuruhusu watu waingie, kile hutolewa na kaunti. Uliza jina la injinia, bodi yao ina orodha mtandaoni na kuangalia hakuchukui bando nyingi. Landlodi akikasirika kwa swali kama hilo, hapo umejibiwa. Na kama tayari unaishi, ufa wa rangi usikutishe sana. Ule wa kukata kwa mshazari kwenye nguzo, ama mahali pa slabu panapotoa doa la kutu, ama mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa umekwama, piga picha leo na mwezi ujao tena. Sasa wewe ndiye una kamera.

Mwaka jana Desemba nilipita Ndara. Ile ploti imepakwa rangi ya krimu, iko na wapangaji, kwa dirisha moja nikaona pazia la mtoto. Vyuma vya nguzo viliachwa vikichungulia juu, vile mtu huacha akiwa na ndoto ya kuongeza floor. Nikasimama pale chini nikahesabu vile naweza. Yule jamaa wa kukusanya rent akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nilijenga hapa. Akafurahi, akasema floor ya pili inaanza mwaka huu. Nikamuuliza kama kuna mtu amekuja kupima ya kwanza kama inaweza kubeba. Akasema hayo nimuulize mwenyewe.

Namba ya mwenyewe bado ninayo. Nimemtumia hii.