KANUNI IKO WAPI?



Safari hii twataka kusema juu ya jambo moja linalotuchosha sisi watu wa reli wa upande wa Kitale na wa upande wa Bungoma. Jambo lenyewe ni adhabu inayofika kabla ya kanuni.

Nyapara anakuja asubuhi na karatasi. Karatasi yasema umeonekana na "mwenendo usiofaa". Mwenendo upi? Siku gani? Nani aliuona? Hakuna jibu. Utie sahihi hapa chini, na mwisho wa mwezi utaona mwenyewe bahasha imepungua.

Mwenzetu mmoja, kibarua wa gengi karibu na Kitale, alichelewa dakika 20 kwa sababu ya mvua na tope. Akakatwa mshahara wa siku 2. Alipouliza sababu akaambiwa, "Ndiyo desturi ya hapa." Mwingine wa upande wa Bungoma alilipishwa taa ya mkono iliyopotea kati ya zamu mbili; jina lake lilikuwa la mwisho kitabuni, basi. Wa tatu alisimamishwa wiki 2 kwa kosa la "kiburi". Mabwana, kiburi hupimwa kwa nini? Mahindi ya Trans-Nzoia yanapimwa kwa mizani, na mwenye mahindi husimama hapo akitazama mshale. Kiburi kinapimwa kwa jicho la nyapara, na jicho hilo hubadilika kwa kadiri alivyolala.

Majina ya waajiri hao hatuyataji hapa. Wao wenyewe wakisoma watajijua.

Sisi tunaofanya kazi ya reli hatuhitaji kufundishwa faida ya kanuni. Penye njia moja, dereva haingii sehemu bila kibali, hata kama macho yake yaona reli tupu mpaka upeo wa macho. Bendera nyekundu ni nyekundu kwa dereva mzee na ni nyekundu kwa mgeni wa jana. Hakuna stesheni masta anayesema, "Leo nimeudhika, nyekundu maana yake pita." Angesema hivyo tungezika watu. Basi kazi ambayo kila kitu chake kimeandikwa, tangu bendera mpaka taruma, kwa nini tukifika kwenye adhabu ya mtu mambo yote yanakuwa ya mdomoni?

Wakubwa wanapenda kusema kwamba nidhamu ni siri ya ofisi. Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 12, yamtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi aandike kanuni za nidhamu katika maelezo ya kazi, au amwonyeshe mfanyakazi kitabu anachoweza kukipata na kukisoma; tena ataje ni nani wa kupelekewa malalamiko mtu asiporidhika na adhabu. Kifungu cha 19 chasema mtu asipofika kazini bila ruhusa wala sababu ya halali, atakatwa kiasi kisichozidi mshahara wa siku 1 kwa kila siku nzima aliyokosa. Siku nzima, ndugu. Dakika 20 si siku nzima, wala si siku 2. Kifungu hicho hicho chataka hasara ya mali iwe imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi kabla ya kumkata. Jina la mwisho kitabuni si ushahidi wa kusudi.

Na kifungu cha 41 ndicho twaomba kila mtu akishike kichwani. Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye awe na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama karibu naye, na wote wawili wasikilizwe. Barua ya Kiingereza cha mawakili kwa mtu wa sururu si maelezo. Ni karatasi tu.

Kuna watakaosema, haiwezekani kuandika kila kosa la binadamu. Ni kweli, na hata kifungu cha 44 kilichotaja makosa makubwa hakikufunga mlango kabisa. Kimetaja ulevi kazini, matusi, wizi, kukataa amri ya halali. Kiburi hatukukiona. Lakini kama kosa ni jipya na halijaandikwa, mwonye mtu kwanza, uliandike, ulibandike ukutani, ndipo uadhibu atakayelirudia. Hata Musa alishuka mlimani na amri zimeandikwa kwenye mawe; wala hakusema zipo kichwani mwake.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa jina la kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mtu alikivaa shingoni ndani ya kibati, na mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Bwana shamba alikuwa mshitaki, hakimu na karani kwa siku moja. Kipande kimekwisha zamani. Kazi hizo tatu kumpa mtu mmoja, hilo bado twaliona.

Wala tusitazame wakubwa peke yao. Vijana wetu wengi wameingia kazi ya bodaboda. Katika steji nyingi viongozi wananyang'anya ufunguo wa pikipiki na kutoza faini ambayo leo ni shilingi 200 na kesho ni 1,000 kwa kosa lile lile, na stakabadhi hakuna. Mtu akiuliza kanuni anaambiwa analeta siasa. Mfanyakazi akimtendea mfanyakazi mwenzake hivi, tutakwenda na uso gani kumlalamikia mwajiri?

Tunachotaka ni kidogo. Kanuni za adhabu zibandikwe kwa Kiswahili mahali pa kuandikisha zamu, na kila barua ya onyo itaje kanuni iliyovunjwa, siku na saa. Aliyemshitaki mtu asiwe yeye anayemhukumu. Wakikataa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Bungoma. Si lazima kwenda Nairobi.

Wakati huo huo, msitie sahihi mahali panaposema "nimekubali kosa" kama hamkukubali. Andikeni "nimepokea" na tarehe. Kila mwenye barua ya namna hii alete nakala kwa katibu wa tawi, Kitale au Bungoma, siku ya mshahara. Asiyejua kusoma aje nayo vivyo hivyo, atasomewa.