MPIRA ULIDUNDA WAPI?



Majira ya kuchipua yamewadia, viwanja vya tenisi katika bustani za umma vimeanza kujaa, na kila Jumamosi tunawaona watoto wetu wakienda huko, raketi begani. Ni jambo la kufurahisha. Pamoja na furaha hiyo, hata hivyo, tumepokea malalamiko ya wazazi kadhaa, na yote yanafanana: eti mwalimu wa mchezo hafundishi. Mtoto akipiga mpira ukatoka nje, mwalimu hamwelezi kosa lake, bali humwuliza, "Mpira ulidunda wapi?" Mzazi mmoja alitwambia kwa uchungu kwamba haoni sababu ya kulipa pauni zake ili mwanawe aulizwe jambo ambalo mwalimu ndiye anayelipwa kulijua.

Sisi tuliomaliza miaka yetu mbele ya ubao tunaomba ruhusa ya kumtetea mwalimu huyo.

Mtindo wake una asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Timothy Gallwey, aliyepata kuwa nahodha wa timu ya tenisi ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akifundisha mchezo huo California. Akabaini kwamba kadiri alivyopunguza maelekezo ndivyo wanafunzi wake walivyozidi kupiga vizuri. Kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Zoezi lake mashuhuri ni jepesi mno: mwanafunzi hutamka neno moja mpira unapodunda, na jingine unapogusa raketi, basi. Hapa Uingereza fikra hizo zilienezwa na John Whitmore, dereva wa magari ya mashindano aliyekuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1965, ambaye kwa kitabu chake cha 1992 alizifikisha hata kwa mameneja wa makampuni.

Chukueni amri ambayo kila mzazi huipaza akiwa nje ya uzio: "Tazama mpira!" Mtoto ataitikia, huku macho yako kwa njiwa. Mkimwuliza kama anatazama, atasema ndiyo, kwa adabu au kwa hofu. Lakini mwulizeni mpira ulivuka wavu kwa kimo gani, shibiri moja au mbili. Wavu una sentimita 91 katikati, kwa hiyo kipimo kipo mbele yake. Jibu la kweli halipatikani bila kutazama, na akishatazama, mara nyingi mkono hujirekebisha wenyewe. Ndiyo maana pia wadogo huanzishwa kwa mipira myekundu iendayo polepole, katika uwanja wa mita 11 hivi badala ya 23.77: mtoto apate wasaa wa kuona.

Sababu ya pili ni kwamba tenisi ni mchezo wa upweke. Kocha wa kandanda huweza kupiga kelele dakika zote 90. Katika tenisi ya mmoja kwa mmoja, kwa miaka mingi kanuni zilimkataza mwalimu kumwelekeza mchezaji pambano likiendelea. Tangu 2025 kanuni za kimataifa zimelegezwa, pale waandaaji wanaporidhia, lakini ni kwa maneno machache tu katikati ya pointi na pointi. Mtoto aliyezoea kuambiwa kila kitu humgeukia babake kila anapopoteza pointi. Tumewaona, na inasikitisha. Zaidi ya hayo, mashindano ya watoto kwa kawaida hayana mwamuzi wa kila uwanja. Mtoto mwenyewe hutangaza kama mpira ulioangukia upande wake ulikuwa ndani au nje. Kwake, ulipodunda mpira ni swali la uaminifu.

Sasa tuseme lililo gumu kwetu. Mtu mzima wa kwetu akisema "Mbona umepiga nje?" hangoji jibu. Analaumu, na mtoto aliyelelewa vyema huinamisha kichwa. "Kwa nini" nayo haiko mbali. Ndipo mtoto wetu akiulizwa na kocha mgeni hunyamaza, na kocha hudhani hajali. Maneno yafaayo ni wapi, lini, kiasi gani, upande gani. Wala kuulizwa si jambo geni kwetu: tulikaa jioni ngapi tukitegewa vitendawili, na aliyeshindwa akatoa mji? Tofauti ni moja tu. Jibu la kitendawili analo mtegaji, na jibu la swali la uwanjani analo mtoto, kwani yeye ndiye aliyeuona mpira na kuihisi raketi mkononi. Mzazi anayeuliza huku jibu amelificha mfukoni anatega kitendawili, na watoto hulitambua hilo upesi.

Hatusemi kila kitu kiulizwe. Namna ya kushika raketi huonyeshwa. Mtoto anayepita karibu na mwenzake anayepiga hukatazwa papo hapo. Na maswali mfululizo hugeuka mahojiano ya polisi. Swali moja, kisha mipira kumi ya kimya.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni safari ya kurudi nyumbani. Ndani ya gari mtoto aliyeshindwa hana pa kukimbilia, na hapo ndipo wazazi wengi hufungua mahakama. Tunawajua watoto waliouacha mchezo kwa kuichoka robo saa ile, ingawa kushindwa kwenyewe walikuwa wakikustahimili. Mwacheni ale kwanza. Akianza mwenyewe, mwulizeni ni pointi gani anayoikumbuka, na mwulizeni kwa Kiswahili hata kama atajibu kwa Kiingereza. Ndani, nje, juu, kushoto: ni maneno mepesi, na mtoto ambaye siku nyingine hana la kuzungumza nasi kwa lugha yetu, hapo huwa nalo.

Na akisema "sijui"? Lipokeeni, ni jibu halali. Siku ya mazoezi mwacheni apige mipira mingine mitano, kisha mwulizeni swali lile lile, kwa sauti ile ile.