Hayo Manyoya Si Yake

Juzi usiku nilifungua Blender kumchonga shujaa wa Kicherokee wa karne ya 18. Kichwa kikubwa, miguu mifupi, mtindo wa katuni. Kabla hata sijamaliza pua, mkono ukaanza kumvika lile taji refu la manyoya. Nani alinifunza? Filamu za kauboi, nani mwingine!

Taji hilo ni la watu wa nyanda, kama Walakota. Wacherokee walikuwa watu wa milima ya Appalachia, nyumba zao za miti na udongo, si hema za ngozi. Shujaa wao angenyolewa kichwa, akaachiwa shungi utosini, na kifuani kidani cha kombe au fedha. Sequoyah, aliyekamilisha mwandiko wa Kicherokee mwaka 1821, kwenye picha yake maarufu amepiga kilemba. Kilemba, jameni!

Najua wachongaji wenzangu watasema, "Tulia, ni katuni tu." Upuzi. Katuni hukuza kitu ulichokiona. Kilemba kifanye kama tairi, shungi lifike mawinguni, sawa tu. Lakini kumvika mtu nguo za jirani ni uvivu. Mtu akichora Mluo na shuka la Kimaasai, si tunamwakia mtandaoni mpaka afute? Na Wacherokee wapo, wengi wako Oklahoma, ambako wazee wao waliswagwa na wanajeshi mwaka 1838. Wanaona.

Manyoya nimefuta. Kilemba kimenimalizia usiku wa pili, mikunjo hainitii, na bado kinakaa kama chapati.