Kutoa Maji Si Kosa la Jinai

Galoni moja ya maji ina uzito wa karibu kilo nne. Anayevuka kwa miguu jangwa la Sonora, kutoka Mexico kuingia jimbo la Arizona, hutembea siku kadhaa katika joto ambalo kiangazi hupita nyuzi 40. Maji ya kumfikisha hawezi kuyabeba. Ndiyo maana watu wa No More Deaths, huduma ya kanisa la Unitarian Universalist la Tucson, hujitwisha madumu ya galoni moja moja na kuyaacha njiani pamoja na makopo ya maharage. Ubavuni mwa dumu huandika neno la kumtia moyo mpitaji wasiyemjua.

Agosti 2017 wanawake wanne wa kundi hilo waliingia na mizigo yao katika hifadhi ya Cabeza Prieta, ambamo miili ya wahamiaji huokotwa mara kwa mara. Hawakuwa na kibali cha kuingia humo. Januari 2019 walitiwa hatiani, na baadaye wakatozwa faini ya dola 250 kila mmoja na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 15. Madumu yale yalihesabiwa mali iliyotelekezwa.

Serikali ilidai kuwa misaada hiyo inawapa watu moyo wa kuvunja sheria na kuvuka mpaka. Tunaikataa hoja hiyo. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, lakini isiifanye kiu kuwa askari wake. Februari 2020 Jaji Rosemary Márquez alizifuta hukumu zile kwa kutumia sheria ya mwaka 1993 inayolinda uhuru wa dini: imani ya wanawake hao iliwataka waokoe maisha, na serikali ilishindwa kuonyesha sababu ya kutosha ya kuwaadhibu. Jaji alitenda haki. Waendesha mashtaka wasirudie tena kesi za namna hii.

Tucson na Phoenix wamo wasomaji wa lugha hii, Wakongo na Warundi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Wengine wao walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakiwa watoto mgongoni mwa mama zao, na wanakumbuka nani aliwapa kikombe cha kwanza cha maji Kigoma. Tunawaomba, Wakristo kwa Waislamu, wakawasaidie wabebaji hao wa maji. Kiangazi cha jangwani, dumu moja halimtoshi mtu mmoja kwa siku nzima ya kutembea.