Uchina: Lugha Iliyojenga, Lugha Iliyofungwa

Wanafunzi wangu hustaajabia maendeleo ya Uchina katika intaneti. Nami huwaeleza kwamba chanzo kimojawapo ni lugha: Baidu iliyoanzishwa mwaka wa 2000, na WeChat iliyozinduliwa 2011, zilimhudumia Mchina kwa Kichina chake. Heko kwao! Ila Kichina icho hicho kimetiwa pingu. Maandishi yalipofutwa kwa kisingizio cha "upatanifu" wa jamii, watumiaji waligeukia "kaa wa mtoni", jina ambalo kwa Kichina hukaribiana kimatamshi na neno hilo, wakakejeli kwa fumbo. (Malenga wetu wa pwani wanaujua mtindo huo.) Programu ya DeepSeek, iliyoushangaza ulimwengu Januari 2025, hukokotoa hesabu ngumu, ukiiuliza yaliyotokea Tiananmen mwaka wa 1989, hukwepa. Mwalimu wa historia atawaruhusuje wanafunzi waitegemee?